Miaka 15 ya tohara Njombe, na historia ya viungio vya seli tusiyosimuliwa

Katika msimu wa baridi wa mwaka 2010, wanaume na vijana walipanga foleni kwenye vituo vitano vya afya vya Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado haujagawanywa kuuzaa Mkoa wa Njombe. Lengo lilikuwa kuwatahiri watu 6,000 kwa wiki 6. Muda ulipokwisha, waliotahiriwa walikuwa 10,352. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la PLoS Medicine, na mwaka 2025 kampeni hiyo ilitimiza miaka 15. Msimu wenyewe ulisaidia: mavuno yamekwisha, na wenyeji wengi wanaamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi.

Sababu ya haraka ile inafahamika. Majaribio ya Orange Farm, Afrika Kusini, mwaka 2005, kisha Kisumu na Rakai mwaka 2007, yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa asilimia kati ya 50 na 60. Huku kwetu Njombe tohara haikuwa desturi iliyoenea, na mjini kwetu Makambako ndiko barabara ya Songea inakoachana na barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA ikipita papo hapo, na malori hayalali. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8, wakati nchi nzima ilikuwa 5.1.

Waliopanga foleni waliambiwa asilimia. Kwa nini kipande kidogo cha ngozi kiwe mlango wa maradhi makubwa hivyo, wachache walielezwa. Naona wanadai maelezo hayo, kwa sababu jibu la swali hilo lilianza kutafutwa zaidi ya karne moja kabla ya UKIMWI kujulikana.

Lilianza na Mwitaliano Giulio Bizzozero, aliyeona katika miaka ya 1860 vifundo vidogo mahali seli za ngozi zinapogusana. Karne moja baadaye, mwaka 1963, Marilyn Farquhar na George Palade walitumia hadubini ya elektroni kuonyesha viungio vitatu vilivyopangana kati ya seli jirani: cha juu kinaziba upenyo, cha pili kinazunguka seli mithili ya mshipi, na chini yake desmosomu, vile vifundo vya Bizzozero. Wajapani wakazitaja protini za viungio hivyo: Masatoshi Takeichi kadherini, Shoichiro Tsukita okludini na klaudini.

Jambo lililowashughulisha watafiti zaidi lilikuwa ndani ya seli. Kila seli ina kiunzi cha nyuzi za protini, na nyuzi hizo hazijitandazi ovyo. Viungio ndivyo vinavyozipangia mahali. Nyuzi za keratini hufungwa kwenye desmosomu, za aktini kwenye ule mshipi, na hivyo seli moja ikivutwa, mvuto hugawanywa kwa jirani zake. Mwaka 2001 maabara ya Elaine Fuchs huko Chicago iliondoa desmoplakini, protini inayoishika keratini, katika ngozi ya panya. Keratini ilikuwepo, lakini seli ziliachana ngozi ilipoguswa.

Aktini ndiyo iliyoleta mzozo. Kwa miaka mingi vitabu vilichora mnyororo wa protini ulionyooka: kadherini imeshika beta-katenini, beta-katenini imeshika alfa-katenini, nayo alfa-katenini imeshika aktini. Wanafunzi wa dunia nzima waliukariri. Kisha mwishoni mwa 2005, maabara za James Nelson na William Weis wa Chuo Kikuu cha Stanford zikatoa makala mbili kwa pamoja katika jarida la Cell. Zilisema alfa-katenini haiwezi kushika beta-katenini na aktini kwa wakati mmoja. Mnyororo ulikatika, na walioukata hawakuleta mwingine wa kuziba pengo. Ikiwa hapo hakuna kiungo, ngozi inashikamanishwa na nini? Wengine walikataa matokeo, wengine wakaanza kuchora upya.

Mwaka 2010, kikundi cha Shigenobu Yonemura huko Kobe kilionyesha kuwa alfa-katenini hubadili umbo inapovutwa. Na mwaka 2014 wale wale wa Stanford, safari hii wakiwa na Alexander Dunn, waliushika uzi wa aktini kwa miale ya leza na kuuvuta juu ya protini hizo. Mshiko ambao katika mirija ya maabara ulikuwa haupatikani, ulidumu zaidi ulipovutwa kwa nguvu ya kiasi, kama fundo linalokaza kamba ikivutwa. Jaribio la 2005 halikuwa na makosa; lilikosa mvuto, nao mvuto haukosekani katika mwili ulio hai. Watu waliovunja jengo na kurudi wenyewe kulisimamisha wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Kuhusu govi lenyewe, maelezo ya mwanzo kwamba VVU hupenya kwa kuwa upande wake wa ndani una tabaka jembamba la keratini yalipingwa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, waliopima wasione tofauti kati ya upande wa ndani na wa nje. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kilionyesha kuwa protini ya ganda la VVU peke yake hufanya seli za via vya uzazi zitoe kemikali ya uvimbe, nayo kemikali hiyo hulegeza viungio vinavyoziba upenyo.

Utafiti wa 2022/23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7, taifa likiwa na 4.4, na wapo wanaosema tohara imeshindwa. Wanakosea. Hesabu hiyo inajumuisha watu ambao dawa zimewaokoa na wanaendelea kuishi, na inajumuisha wanawake, ambao tohara haiwakingi moja kwa moja. Seli zile ambazo viungio vyake vililegezwa kule McMaster zilitoka kwa wanawake, na wao ndio wa kwanza wanaopaswa kuelezwa habari hii kliniki za Makambako.