Rejista ya nesi na somo la mifumo: kutoka Oslo hadi Unguja

Mwisho wa mwezi, kwenye kituo cha afya cha shamba, nesi hufunga chumba cha chanjo mapema kidogo, huvuta kiti na kufungua rejista. Ni daftari kubwa la jalada gumu, safu zake zimepigwa kwa rula: tarehe, jina la mtoto, jina la mama, shehia, chanjo aliyopewa. Pembeni pana karatasi ya vijiti. Vinne vimesimama, cha tano kimevikata kwa mshazari, hao ni watoto watano. Anahesabu, anaandika jumla, anahesabu tena. Akimaliza fomu ya chanjo anaanza ya malaria, kisha ya mama na mtoto, kisha ya Ukimwi, maana kila mradi umeleta fomu yake na kila mradi unataka ijazwe kwanza. Mama mjamzito aliyekuja na homa anaweza kuwa ameandikwa mahali patatu kwa siku moja, na kule wizarani hakuna wa kusema kama huyo ni mtu mmoja au watu watatu.

Hivyo ndivyo taarifa za afya za Zanzibar zilivyokuwa zikikusanywa kabla ya mwaka 2005. Kilichofuata ni sura ya historia ya elimu yetu ya juu ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kufundishwa siku ya kwanza ya somo la mbinu za kuunda mifumo ya taarifa.

Somo hilo linasomwa hapa hapa kisiwani. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilifunguliwa Tunguu mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha Vuga mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla ya kampasi kuu kuhamia Tunguu. Mwanafunzi wa kompyuta hukutana na majina ya mbali. Winston Royce, Mmarekani, ndiye aliyechora mwaka 1970 ule mchoro wa hatua zinazoshukana kama maporomoko ya maji: mahitaji, usanifu, programu, majaribio, matumizi. Wengi huukariri mchoro wasijue kwamba Royce mwenyewe, kwenye makala ile ile, alionya kuwa kwenda moja kwa moja bila kurudi nyuma ni hatari. Kuna Peter Checkland wa Lancaster na Enid Mumford wa Manchester, waliosisitiza kuwa mfumo ni watu kabla ya kuwa mashine. Na kuna wale watu 17 waliokutana milimani Utah Februari 2001 wakaandika ilani ya kuunda programu kwa vipande vidogo, huku wakimsikiliza mtumiaji kila hatua.

Tanzania nayo ilikwisha kulipia somo hilo. Kompyuta ya kwanza Bara ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ile husimuliwa kama hofu ya teknolojia. Mimi naiona kama hukumu kwa njia iliyotumika, maana mashine zililetwa kabla hayajaulizwa maswali ya nani atazilisha taarifa, nani atazisahihisha na nani atazitumia.

Njia iliyofika Unguja mwaka 2005 ilikuwa na nasaba nyingine, na nasaba hiyo inaanzia kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard, mwanasayansi wa Norway aliyebuni lugha ya programu ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa vyuma. Mafundi waliona kompyuta zinaingia viwandani bila wao kuulizwa. Nygaard akakaa nao, wakajifunza na kuamua wenyewe ni mashine ya namna gani waikubali na kwa masharti gani. Hapo ikazaliwa mila ya Skandinavia ya kuunda mfumo pamoja na atakayeutumia.

Mila hiyo ikasafiri kusini. Katikati ya miaka ya 1990, Afrika Kusini ikitoka kwenye ubaguzi wa rangi, Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake wa huko walianza mradi wa mifumo ya taarifa za afya, HISP, kwenye zahanati za Cape Town. Wakaunda programu ya taarifa za afya za wilaya, DHIS, ya bure, iliyokaa kwenye kompyuta moja ya mezani. Toleo la mtandaoni, DHIS2, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006, na leo linatumika katika nchi zaidi ya 70.

Njia hiyo ilipofika mwaka 2005, Zanzibar ilikuwa na wilaya 10, sita Unguja na nne Pemba. Wizara ya Afya ilishirikiana na HISP, ikakaa na wenye miradi kupunguza utitiri wa fomu na viashiria. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuandika programu. Kufuta safu moja kwenye fomu ni kumwambia mkubwa fulani kwamba ile nambari anayoidai kila mwezi haina kazi.

Kisha zikaja warsha za kila robo mwaka, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Watu wa wilaya walikuja na takwimu zao wenyewe, wakazipanga, wakasimama kuzieleza mbele ya wenzao wa wilaya nyingine na wa miradi, nao wakazichambua. Chukua mfano wa chanjo. Wilaya ikionyesha imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, ukumbi unauliza: watoto wa ziada wametoka wapi? Huenda wamevuka mpaka kutoka wilaya jirani. Huenda vijiti vimehesabiwa mara mbili. Au kosa liko chini ya mstari wa mgawanyo, kwenye makadirio ya idadi ya watu. Na makadirio hapa huchakaa upesi: sensa ya 2002 ilihesabu watu wasiofika milioni 1 Zanzibar nzima, ya 2012 ikahesabu 1,303,569, na ya 2022 ikafika 1,889,773.

Maswali ya namna hiyo yalisafisha takwimu kuliko waraka wowote wa mkaguzi. Anayejua kwamba miezi mitatu ijayo atasimama tena mbele ya wenzake huzipitia jumla zake kabla hajatoka kituoni. Na kasoro zilizofichuka ziliingia kwenye marekebisho ya fomu na ya programu yenyewe, kwa hiyo mfumo ukawa unaundwa ukiwa unatumika.

Haya yameandikwa. Juma Lungo na Faraja Igira, Watanzania waliosomea Oslo, walichapisha mwaka 2008 makala juu ya uundaji wa mfumo wa taarifa za afya Zanzibar. Mwaka 2012 Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay wakazieleza warsha zile kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani. Duniani watu wanaisoma Zanzibar kama mfano wa mbinu.

Hata hivyo, karatasi nayo ina somo lake. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa gridi baada ya hitilafu kwenye njia ya kebo ya umeme ya baharini kutoka Bara. Kila aliyekuwapo anakumbuka ngurumo za majenereta Darajani na foleni za maji. Kompyuta isiyo na jenereta ilikuwa sanduku tu; rejista ya karatasi iliendelea kujazwa. Mbuni wa mifumo anayeidharau karatasi hajaishi Unguja.

Sasa elimu ya kompyuta imepanuka. Mwaka 2023 IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ilifungua Bweleo kampasi ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya India, inayofundisha sayansi ya data na akili bandia. Ni fahari yetu, na data hizo zote zitaanzia mkononi mwa mtu kama yule nesi.

Kutoka Vuga hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kutoka Tunguu au Bweleo vituo vya afya haviko mbali. Wahadhiri wetu, wapelekeni vijana wakakae siku nzima na nesi mwisho wa mwezi, wahesabu naye vijiti, wamuulize nambari ipi haijawahi kumfaa mtu. Wakirudi, ndipo muwape chaki wachore mchoro wao wa kwanza.