Vigingi vya Leakey na picha zetu za Thimlich Ohinga

Haya wasomaji, leo tuache programu kidogo twende Homa Bay, mwaka 1932. Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyesomea Cambridge, alikuwa akichimba Kanam na Kanjera, kando ya Nam Lolwe (Ziwa Victoria kwenye ramani zenu). Huko Kanam mfanyakazi wake, Juma Gitau, akapata kipande cha taya. Leakey akatangaza kuwa ni la babu wa kale kabisa wa binadamu wa leo.

Mahali pale alipaweka alama za vigingi vya chuma. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaja kutoka Uingereza ili aonyeshwe. Vigingi havikuwepo! Wenyeji walikuwa wamevichukua, na kwa nini wasivichukue? Chuma ni chuma. Picha za Leakey zilikuwa zimeharibika kwa hitilafu ya kamera, na ile aliyotumia badala yake ikagunduliwa ni ya mahali pengine. Boswell akayaandika yote katika jarida la Nature. Taya lilikuwepo, anwani yake haikuwepo.

Nilicheka sana niliposoma kisa hiki, mpaka nikakumbuka mradi wetu wa mwaka wa mwisho chuoni. Tulikwenda Thimlich Ohinga, Migori, kwenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tulitaka modeli ya pande tatu: unapiga picha nyingi zinazoingiliana, kompyuta inatafuta nukta zinazofanana, kisha inakokotoa kila jiwe liko wapi. Picha zaidi ya 600, simu tatu. Jioni tukatumiana kwa programu ya ujumbe, tukafuta zilizokuwa kwenye simu ili tupate nafasi.

Mshajua. Programu ilizibana picha na kuondoa vipimo vya GPS vilivyokuwa ndani ya faili. Modeli ikatoka kama uji. Mlango mmoja ulionekana vizuri, lakini tukabishana usiku kucha kama ni wa boma la Kochieng au la Koketch, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Boswell angetumaliza!

Wiki mbili baadaye tulirudi kwa nauli ya kukopa, tukiwa na daftari, penseli na tepu ya fundi. Namba ya kila picha tuliiandika kwa mkono.