Kutoka Mizani ya Pamba hadi Vitabu vya Kampuni

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, habari ya Mabatini huwa kama imeandikwa kabla maji hayajapungua. Mto Mirongo umefurika, nyumba zimeingiwa na maji, vyombo vimesombwa, kiongozi amefika na kuwataka wakazi wa mabondeni wahame. Kinachokosekana humo ni upande wa fedha. Nani anamwaga taka na majitaka katika mto huo kabla haujafika Ziwa Victoria? Kibali cha kujenga kingoni kilitoka ofisi gani? Tathmini ya athari kwa mazingira ilisema nini, kama ilifanyika? Maswali haya yanamhusu mwandishi wa habari za biashara, ambaye mara nyingi siku hiyo yuko hotelini kwenye uzinduzi wa tawi la benki.

Kumtoa hotelini na kumfikisha mtoni kumechukua miaka mingi, na bado hajafika. Lakini si kweli kwamba Kanda ya Ziwa ilisubiri semina za wafadhili ndipo ijue kuhoji kampuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na hakika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Wakajipanga, wakaweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia, wasimame kando ya mnunuzi, wapime upya na kuandika uzito wao wenyewe. Juu ya harakati hizo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya wakulima, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika. Sioni somo bora la kumpa mwandishi chipukizi wa biashara: usinakili namba ya mfanyabiashara, pima ya kwako.

Darasa rasmi lilikuja baadaye. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi. Humo uandishi wa habari ulifundishwa jirani na uhasibu, ingawa wahasibu na waandishi hawakuzoeana sana. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, mwaka 1998. Katikati hapo palipita miaka ya ujamaa, ambapo magazeti makubwa yalikuwa ya serikali na chama, na viwanda navyo, kile cha nguo cha Mwanza, MWATEX, kikiwemo, vilikuwa vya umma. Kukihoji kiwanda ilikuwa ni kuihoji serikali, na wachache walijaribu.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mawili kwa mkupuo: vyombo vya habari binafsi na viwanda vya sangara. Mwaka 1991 waandishi waliunda chama chao cha habari za mazingira, JET. Mwanza ikapata Radio Free Africa na baadaye Star TV. Kandokando ya ziwa, minofu ilisafirishwa kwenda Ulaya na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakawa kitoweo cha wenyeji. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, habari nyingi ziliegemea ajira na fedha za kigeni zilizopotea. Mazingira yalikuwa ukurasa mmoja, biashara ukurasa mwingine.

Mwaka 2006 ungepaswa kuziunganisha kurasa hizo. Filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare, ilikuwa imefika hadi kwenye mchujo wa tuzo za Oscar. Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na mwandishi Richard Mgamba, aliyehojiwa ndani yake, alikamatwa na uraia wake ukatiliwa shaka. Filamu ilikuwa na kasoro zake; habari ya silaha kwenye ndege za samaki ilidokezwa zaidi kuliko kuthibitishwa. Lakini waandishi waliokuwa na nafasi ya kuisahihisha kwa hesabu za viwanda, bei ya mwaloni na kodi iliyolipwa, walipata funzo jingine kabisa: ukigusa samaki utaulizwa umezaliwa wapi.

Mwaka huohuo ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa takriban miaka 80. Mialo ilikauka, mitumbwi ikakaa kwenye tope. Maelezo rahisi yalikuwa ukame. Mtaalamu wa maji Daniel Kull alipopiga hesabu, alionyesha kuwa takriban nusu ya upungufu ule ilitokana na mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, kuachia maji mengi kuliko makubaliano ya zamani yalivyoruhusu. Nadhani hiki ndicho kisa ambacho kila mafunzo ya tabianchi kwa waandishi wa biashara katika ukanda huu yangeanzia. Ukame ulikuwepo kweli. Ulikuwepo pia uamuzi wa watu wenye ofisi, na uamuzi huo ulijificha nyuma ya mvua.

Mwaka 2009 Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, mafuta na gesi, na namba za malipo ya kampuni zikaanza kutolewa. Zilihitaji wasomaji. Ndipo JET iliposhirikiana na mashirika ya nje kuwafundisha waandishi kusoma mikataba, mrabaha na ripoti za mwaka, kama kituo cha mafunzo ya waandishi cha ACME kilivyofanya Kampala. Somo lilikuwa na mahali pa kutumika: Mei 2009 majitaka ya mgodi wa North Mara yalivuja hadi mto Tigithe, huko Tarime, na malalamiko ya wanakijiji yakaendelea kwa miaka. Mei 2019 baraza la taifa la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Mwezi uliofuata, uchunguzi wa pamoja wa vyombo vya habari vya nchi mbalimbali ulieleza kuwa waandishi wasiopungua kumi na wawili, wa ndani na wa nje, walisema walizuiwa au kutishwa walipoufuatilia mgodi huo.

Tangu hapo vifaa vimeongezeka. Juni 2023 vilitoka viwango vya kimataifa vinavyoitaka kampuni ieleze, pamoja na taarifa zake za fedha, hatari zinazoikabili kutokana na tabianchi. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linapita Kagera, Geita na Shinyanga, na mwanahisa wake mkuu, TotalEnergies, alishtakiwa Paris chini ya sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni zichukue tahadhari. Nyaraka za aina hii zinasomeka hata ukiwa Mwanza.

Shida ni ya anayezisoma. Wengi wa waandishi wa mikoani hawana ajira. Wanalipwa kwa habari iliyotoka, na habari ya mafuriko hulipwa sawa na ile iliyochukua wiki tatu za kupekua nyaraka. Nauli ya kwenda Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara, hutoka mfukoni, au kwa kampuni yenyewe, inayotoa gari, chakula na bahasha. Mafunzo ya siku tatu hutoa cheti na begi, mara chache sana hutoa nauli. Na mhariri anayepokea habari hiyo anajua ni kampuni gani iliyolipia tangazo la ukurasa mzima wa mwisho.