Deni Lililomo Ndani ya Boksi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya NeXT, iliyoanzishwa na Steve Jobs baada ya kuondoka Apple, ilihitaji kompaila ya lugha ya Objective-C, yaani programu ya kugeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa amri za mashine. Wahandisi wake hawakuanza upya. Walichukua GCC, kompaila ya mradi wa GNU wa Richard Stallman, wakaiongezea sehemu yao. Jobs akamuuliza Stallman kama wangeweza kuisambaza kwa mafungu mawili: GCC pamoja na msimbo chanzo wake, na sehemu ya NeXT ikiwa imefungwa, mteja aziunganishe mwenyewe. Stallman akaenda kwa mwanasheria. Jibu alilopata ni kwamba hakimu angeiona hiyo kuwa hila, kwa kuwa mafungu ni mawili lakini programu ni ile ile moja. NeXT ikatoa msimbo wake, na Objective-C ikawa sehemu ya GCC kwa watu wote.

Swali la msingi limo humo: programu huria ikitiwa ndani ya bidhaa ya biashara, muuzaji anadaiwa nini, na mwenye haki ya kudai ni nani?

Leseni ya GPL ya mradi huo wa GNU, iliyotolewa kwanza mwaka 1989 na kuboreshwa Juni 1991, haijawahi kukataza kuuza. Inachotaka ni kwamba anayempa mtu programu ampe na msimbo chanzo, au ahadi ya maandishi, ya angalau miaka 3, kwamba ataupata kwa gharama ya kunakili tu. Programu mbili zisizohusiana zikikaa kwenye diski moja, hazifungani. Lakini kazi iliyojengwa juu ya programu ya GPL hufuata GPL yote. Kwa maktaba za programu ilitungwa, mwaka huo huo wa 1991, leseni nyepesi tunayoiita leo LGPL: msanidi wa Nairobi au Dar es Salaam anayetumia maktaba ya aina hiyo anaweza kufunga programu yake na kuiuza, mradi mteja aweze kuweka toleo jingine la maktaba ile. Leseni za MIT na BSD hudai machache zaidi: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yasiondolewe. Hata hayo machache husahaulika, na sioni udhuru wake.

Kilichoitoa GPL maabara na kuipeleka madukani ni ruta moja. Linksys ilianza kuuza WRT54G mwishoni mwa 2002, na mwaka uliofuata Cisco ikainunua Linksys kwa takribani dola milioni 500. Juni 2003 ikabainika hadharani kwamba ndani ya ruta hiyo mlikuwa na Linux, iliyo chini ya GPL, na msimbo chanzo haukutolewa. Tukifuata asili yake, tunakuta msururu: Linksys ilipata chipu kutoka Broadcom, na Broadcom ilikuwa imewapa kazi ya programu CyberTAN, kampuni ya Taiwan. Deni lilipita mikono yote hiyo bila kulipwa, likatua kwa Cisco, ambayo huenda hata haikujua inanunua nini. Msimbo ulitolewa mwaka huo huo. Kutokana nao, mwaka 2004, ukazaliwa OpenWrt, mfumo ambao hadi leo huendesha ruta za makampuni mengi. Na Linksys yenyewe, ilipobadilisha mfumo wa ruta hiyo mwaka 2005, ililazimika kuuza toleo la pembeni, WRT54GL, kwa wateja waliotaka Linux yao. Wanaosema GPL huua biashara waiangalie ruta hii.

Mahakamani, Ujerumani ilitangulia. Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, aliishtaki Sitecom mjini Munich, na tarehe 19 Mei 2004 mahakama ikaamua kwamba masharti ya GPL yana nguvu: anayeyavunja hupoteza ruhusa, na akiendelea kusambaza anavunja hakimiliki. Marekani ilifuata kupitia treni za kuchezea. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley, alikuwa na programu ya kuendesha treni ndogo, na mfanyabiashara aliichukua bila kutaja waandishi. Mahakama ya chini haikuona hapo uvunjaji wa hakimiliki. Agosti 2008 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo: mwandishi akitoa kazi yake bure kwa masharti, masharti hayo yanalindwa na hakimiliki.

Katika kesi zote hizo mdai alikuwa mwandishi. Oktoba 2021, shirika la Software Freedom Conservancy lilifungua kesi California dhidi ya Vizio, mtengenezaji wa televisheni, likisimama kama mnunuzi wa televisheni hizo. Vizio ilijaribu kuipeleka katika mahakama ya shirikisho, ikashindwa mwaka 2022. Mwishoni mwa 2023 hakimu wa jimbo akakataa kuitupa kesi: hoja kwamba mnunuzi naye anaweza kudai msimbo chanzo, kwa kuwa leseni iliandikwa kwa faida yake, ilistahili kusikilizwa.