Ukumbi wa Taifa wa Nairobi na Kuzaliwa kwa Maneno ya Jukwaani

1. Utangulizi

Kila kazi ina maneno yake. Mvuvi ana yake, seremala ana yake, na mwigizaji vilevile hana budi kuwa na yake. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya maonyesho katika ukumbi mmoja wa mjini, yaani Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulioko Nairobi, nchini Kenya, ambao umefanya kazi tangu mwaka 1952 hadi leo. Kisha tutaulinganisha na jukwaa la Dar es Salaam, ambalo lilianza baadaye na kwa uwezo mdogo zaidi. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba istilahi za sanaa za maonyesho hazikuletwa na jengo, wala hazikuletwa na orodha ya maneno, bali zilizaliwa pale watu walipoigiza kwa Kiswahili mbele ya watu waliokielewa.

Tunaandika haya tukiwa Sepuka, wilayani Ikungi, katika mkoa wa Singida. Huenda msomaji akauliza: ukumbi wa Nairobi una uhusiano gani na Sepuka, mahali ambapo mchezo huigizwa uwanjani au darasani? Uhusiano upo. Mwalimu wa huku anayefundisha tamthilia ya Edwin Semzaba iitwayo Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe anatakiwa kuwaeleza wanafunzi wake jukwaa, maleba, mandhari na mhusika ni nini. Kama maneno hayo yamebaki vitabuni tu, mwanafunzi atayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau siku inayofuata. Ndiyo maana twaona ni muhimu kujua maneno haya yalitoka wapi, na yalipata uhai kwa njia gani.

2. Jengo na watu wake

Kituo cha Utamaduni cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1951, na ukumbi wake wa maigizo ukafunguliwa mwaka 1952, ng'ambo ya barabara kutoka Hoteli ya Norfolk. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Basi ukumbi ulioitwa wa taifa ulifungua milango yake wakati ambapo wananchi wengi wa Nairobi hawakuweza kutembea mjini bila kuulizwa vitambulisho.

Kwa miaka mingi maonyesho ya ukumbi huo yalikuwa ya Waingereza waishio Kenya. Vikundi vya walowezi vilileta michezo iliyokwisha kupendwa London, pamoja na michezo ya nyimbo. Kazi yenyewe ilifanywa kwa ustadi: palikuwa na taa, mapazia, mavazi, na watu waliojua kuyatumia. Lakini lugha ya kazi hiyo yote, kuanzia mazoezi hadi tikiti ya mlangoni, ilikuwa Kiingereza. Mwafrika aliyeajiriwa kusogeza mandhari alijifunza majina ya vifaa kwa Kiingereza, maana hapana aliyemtaka ayataje kwa lugha nyingine.

Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kikiigizwa mahali pengine. Wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Alliance, huko Kikuyu, waliandika na kuigiza michezo ya Kiswahili katika miaka ya 1950. Kati yao ni Henry Kuria, ambaye mchezo wake Nakupenda, Lakini... ulichapwa mwaka 1957. Graham Hyslop naye alitoa Afadhali Mchawi mwaka huo huo wa 1957. Hii ilikuwa michezo mifupi, mingi ikiwa ya kuchekesha, na waigizaji wake walitumia maneno waliyokuwa nayo: mchezo, mchezaji, pazia, nguo za mchezo. Tusiyadharau maneno haya. Yalitosha kwa kazi iliyokuwapo, na baadhi yake tunayo hadi leo.

3. Oktoba 1976 na yaliyofuata

Uhuru wa Kenya ulipatikana mwaka 1963, lakini ratiba ya ukumbi haikubadilika upesi. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1976. Kenya ilikuwa ikijiandaa kupeleka michezo miwili kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka 1977. Mmoja ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ulioongozwa na Seth Adagala. Wa pili ulikuwa Betrayal in the City, wa Francis Imbuga. Kikundi kiliomba kuionyesha ukumbini mwezi Oktoba, mwezi wa kuwakumbuka mashujaa wa kupigania uhuru. Kilipewa siku chache tu, kwa kuwa siku nyingine zilikwisha kupangiwa mchezo wa nyimbo wa kikundi cha Kizungu na dansi ya kikundi kutoka Ufaransa.

Hata hivyo siku hizo chache zilikuwa na matokeo makubwa. Ngũgĩ alisimulia baadaye jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakatoka nao nje hadi barabarani. Tuangalie jambo moja la lugha. Maandishi ya mchezo huo yalikuwa ya Kiingereza, lakini ndani yake mna nyimbo za Kiswahili na za Kikuyu. Sehemu iliyowainua watu kutoka vitini ilikuwa ile ya nyimbo. Mwaka 1978 mchezo wenyewe ulitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu katika uwanja walioujenga wenyewe. Mwezi Novemba serikali ikafuta kibali, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Februari 1982 kikundi hicho kilitaka kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Ukumbi wa Taifa, kikakuta milango imefungwa. Na mwezi Machi uwanja wa Kamĩrĩthũ ukabomolewa. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili Kilio cha Haki iliyochapwa mwaka 1981, naye akatiwa kizuizini. Iligharimu miaka mingi kabla ya Ngaahika Ndeenda kuingia katika ukumbi ule wa Nairobi: ilionyeshwa humo mwezi Mei 2022, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, baada ya jengo lenyewe kufanyiwa matengenezo na kufunguliwa upya mwaka 2015.

Mtu anayesoma historia hii kwa jicho la istilahi ataona kwamba kwa robo karne ya mwanzo jengo hili, pamoja na vifaa vyake vyote, lilikipa Kiswahili maneno machache mno. Hata jina lake halijatulia. Katika maandishi ya Kiswahili utakuta ukumbi, jumba, maonyesho, maigizo, mchezo wa kuigiza, kila mwandishi na lake.

4. Jukwaa la Dar es Salaam

Tugeuke sasa upande wa Tanzania. Dar es Salaam nayo ilikuwa na kikundi cha wageni kilichoigiza kwa Kiingereza, lakini maneno ya Kiswahili hayakutoka huko. Mwaka 1967 ulileta mambo matatu pamoja: Azimio la Arusha, Baraza la Kiswahili la Taifa, na Idara ya Sanaa za Maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara hiyo haikuwa na jumba la kifahari, lakini ilikuwa na waandishi ambao walikuwa pia waigizaji na waalimu.

Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji, na Mashetani mwaka 1971. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, kisha Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu na Pambo. Mwalimu Nyerere alikwisha kufasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Jina la kitabu hicho lilithibitisha istilahi ambayo leo hakuna mwalimu anayeiona ngeni.

Wala kazi hii haikufanywa pwani peke yake. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, jirani zetu hapa kati ya nchi, ndiye aliyeeneza ngonjera, yaani ushairi wa majibizano unaosemwa na watu waliosimama mbele ya hadhira. Ngonjera zilienea mashuleni na katika sherehe za taifa bila jukwaa la mbao wala pazia. Neno lilienea kwa sababu kitendo kilienea.

5. Maneno yaliyotoka kazini

Tutazame mifano michache. Igiza latokana na iga. Ni neno jepesi, na kutokana nalo tumepata igizo, maigizo, mwigizaji na uigizaji. Maonyesho yametoka katika ona, na yanamweka mtazamaji ndani ya neno lenyewe. Jukwaa ni kitako cha mbao kilichoinuliwa; msomaji wa Singida atalielewa upesi akikumbuka ulingo wa shambani, ambapo mlinzi hukaa juu kuwafukuza ndege wasile mtama na uwele. Wote wawili wameinuliwa ili waone na waonekane. Maleba yalikuwa mavazi ya wacheza ngoma na waganga kabla ya kuwa mavazi ya waigizaji. Tanzia ni habari ya kifo, ile inayotangazwa redioni. Wahakiki wameichukua kuwa jina la mchezo unaoishia kwa msiba. Kila moja kati ya maneno haya lilikuwa na kazi nyingine kwanza, na mtu asiyekwenda chuo kikuu anaweza kukisia maana yake mpya.

Tamthilia ina hadithi tofauti. Imetoka Kiarabu, na kwa muda mrefu ilikuwa neno la wasomi, ikiandikwa pia tamthiliya. Vitabu vya zamani vilipenda mchezo wa kuigiza. Leo tamthilia imeenea kila nyumba, lakini kwa maana nyingine: watu wengi wakilisikia hufikiri mfululizo wa televisheni. Kwa hiyo mwalimu anapowaambia wanafunzi wafungue tamthilia, hana budi kwanza kueleza kwamba kilicho mikononi mwao kimekusudiwa kusimamishwa na watu wazima, wenye miili na sauti. Jambo hili si la kulalamikia. Linaonyesha tena kwamba maana hufuata onyesho, na onyesho la kila siku sasa liko katika televisheni.

Kuna pia tofauti za nchi. Yule anayewaongoza waigizaji katika mazoezi huitwa mwongozaji na Watanzania wengi, na Wakenya wengi humwita mwelekezi. Maneno yote mawili yametokana na kazi iliyofanyika, na hatuoni sababu ya kulifuta mojawapo. Mfasiri na ajue yote mawili, na katika kitabu kimoja ashike moja tu tangu mwanzo hadi mwisho.

6. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza twapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi ya jukwaani isithibitishwe kabla ya kupelekwa mazoezini. Ikiwa mwongozaji hawezi kuitamka kwa haraka mbele ya waigizaji ishirini wakamwelewa, irudishwe. Pili, mfasiri wa tamthilia afasiri kwa ajili ya mdomo, na maelekezo ya jukwaani ayaandike kwa Kiswahili ambacho kijana wa sekondari anaweza kukitekeleza. Tatu, shule na vikundi vihifadhi karatasi za maonyesho yao, zile zenye orodha ya wahusika na majina ya kazi za nyuma ya pazia. Karatasi hizo ni kamusi ambayo bado haijakusanywa.

Ukumbi wa Nairobi ulikuwa na taa robo karne kabla ya kusikika humo wimbo ulioinua watu vitini. Shule iliyoko Sepuka haina taa hizo, lakini ina wanafunzi, ina uwanja, na ina lugha ambayo wote wanaielewa. Ngoswe akisimama pale na daftari lake la kuhesabu watu, akapoteza kumbukumbu za serikali kwa ajili ya mapenzi, watazamaji watamjua mhusika mkuu ni nani kabla hawajaambiwa anaitwaje mtihanini. Hapo mwalimu atakuwa na kazi ndogo iliyobaki, nayo ni kutaja neno.