Mpango Uliohesabu Nyota, Ukawasahau Waliozihesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imenijia niliporejea historia ya kazi moja ya falaki: kuziainisha nyota kwa spektra zake, kazi iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1886. Ni historia ya mpango uliofanikiwa mno, na ya jambo ambalo mpango huo haukulipa uzito.

Spektra ni utepe wa rangi upatikanao mwanga unapopita katika prizimu. Katika utepe wa nyota mna mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake. Mwaka 1872 Henry Draper, daktari wa New York, alifaulu kupiga picha ya mistari hiyo kutoka nyota iitwayo Vega. Alipofariki mwaka 1882, kazi ilikuwa bado changa. Mjane wake, Anna Palmer Draper, ndiye aliyetoa fedha ili iendelezwe Harvard chini ya Edward Pickering.

Pickering hakukimbilia darubini. Alitambua kwamba kuchunguza nyota moja moja kungemaliza umri wa watu kabla ya kuzimaliza nyota. Basi akaweka prizimu mbele ya lenzi, na bamba moja la kioo likaweza kunasa spektra za nyota nyingi kwa mkupuo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya anga la kusini haionekani kutoka Massachusetts, kituo kingine kilifunguliwa Arequipa, Peru, na mabamba yakasafirishwa hadi Harvard. Huko yalisomwa, kisha yakahifadhiwa.

Wasomaji wa mabamba hayo walikuwa wanawake. Williamina Fleming, mhamiaji kutoka Uskoti aliyewahi kuwa mtumishi nyumbani kwa Pickering, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya uainishaji wa orodha ya mwaka 1890, yenye nyota zaidi ya 10,000. Baadaye Annie Jump Cannon, kati ya 1911 na 1915, alikaa na lenzi ya mkononi akitamka daraja la kila nyota huku msaidizi akiandika. Alipokuwa katika kasi yake kamili aliainisha nyota tatu kwa dakika. Matokeo yalichapishwa katika juzuu 9, kuanzia 1918 hadi 1924, yakiwa na nyota 225,300. Pickering alifariki mwaka 1919, lakini kazi haikusimama, kwa sababu haikutegemea kichwa cha mtu mmoja.

Mwaka 1925 Cecilia Payne, kijana kutoka Uingereza, aliyatumia mabamba ya Harvard katika tasnifu yake ya udaktari, na hesabu zake zikaonyesha kwamba nyota zimeundwa kwa hidrojeni zaidi ya elementi nyingine yoyote. Waanzilishi wa mwaka 1886 hawakuwa na swali hilo akilini. Lakini kumbukumbu iliyotunzwa vyema humjibu hata muulizaji ambaye hajazaliwa.

Na waliofanya kazi hiyo je? Wengi wao walilipwa takriban senti 25 kwa saa. Katika shajara yake ya mwaka 1900, Fleming alilalamika kwamba alipata dola 1,500 kwa mwaka ilhali wanaume wasaidizi walipata 2,500, naye alikuwa na nyumba ya kuendesha na mtoto wa kusomesha. Cannon alisubiri hadi mwaka 1938, akiwa amevuka umri wa miaka 70, ndipo chuo kikampa cheo rasmi.

Ndugu msomaji, upo uwezekano kwamba wewe pia, ofisini, chuoni au katika asasi, unaandaa mpango wa kazi wakati huu. Jifunze kwa Pickering kuamua mapema utatafuta nini, kwa kifaa gani, na kumbukumbu zitatunzwa wapi. Kisha ifungue bajeti na utazame ni nani aliyepangiwa kazi kubwa kwa malipo madogo. Fleming aliandika lalamiko lake katika shajara. Wa kwako huenda hana pa kuliandika.