Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Funzo la Muafaka wa Zanzibar



Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka A (Mt 18:15-20) yatupatia utaratibu wa kupatana. Aliyekosewa na amwendee kwanza ndugu yake faraghani. Ikishindikana, achukue shahidi mmoja au wawili. Ikishindikana tena, ndipo Kanisa liambiwe. Hapa kwetu Namawala mara nyingi tunauanza utaratibu huu kutoka mwisho. Ng'ombe wakiingia katika shamba la mpunga, au mpaka wa jaruba ukisogezwa, habari hufika ofisi ya kijiji na nyumbani kwa padre kabla haijafika kwa jirani mwenyewe. Historia ya nchi yetu inao mfano mkubwa wa jambo hili hili, nao ni Zanzibar. Tuutafakari pamoja.

Katika uchaguzi wa mwaka 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa asilimia 49.8. CUF iliyakataa matokeo na wawakilishi wake wakasusia Baraza. Nchi wafadhili zilisimamisha misaada. Uhasama uliingia hata katika misiba na harusi, na ndugu wa damu wakaacha kuamkiana.

Ndipo mgeni alipokuja. Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, Chifu Emeka Anyaoku wa Nigeria, alijitwika kazi ya kuwapatanisha. Mjumbe wake, Dk. Moses Anafu wa Ghana, alipeleka maneno kutoka upande mmoja hadi mwingine, akarudi, akaenda tena. Mwaka 1999 vyama hivyo viwili vilitia saini Muafaka wa kwanza. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusiidharau kazi ile. Kwa mara ya kwanza pande mbili zilizokuwa hazisemezani ziliweka ahadi zao katika maandishi.

Lakini karatasi ilitangulia mioyo. Mengi yaliyoahidiwa hayakutekelezwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2000, na uchaguzi huo ukaharibika hata ukarudiwa katika majimbo 16. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Unguja na Pemba. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, katika pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi.

Baada ya damu hiyo, CCM na CUF walikaa wenyewe, bila mpatanishi wa kigeni, wakatia saini Muafaka wa pili tarehe 10 Oktoba 2001. Ulileta marekebisho kadhaa, ila baada ya uchaguzi wa 2005 mgogoro ulirudi, na mazungumzo yaliyofuata yalikwama mwaka 2008.

Hatimaye, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakazungumza. Siku chache baadaye Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake kwamba anamtambua Karume kuwa Rais, jambo ambalo chama chake kilikuwa kimelikataa tangu 2005. Baadhi yao walimzomea. Tuzingatie hapo: hasimu wake alikuwa ameshampa mkono, na waliomzomea walikuwa watu wake mwenyewe. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa amani.

Je, hadithi iliishia hapo? La. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 huku CUF ikisusia. Marekani ikasitisha msaada wa dola milioni 472, ikitaja uchaguzi huo kuwa mojawapo ya sababu. Fedha hizo zilikosekana, na mapatano hayakupatikana. Ilikuwa mpaka Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye machozi, Maalim Seif alipokubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Hussein Mwinyi. Alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021, miezi michache tu baadaye.

Ndugu wapendwa, tunajifunza nini? Mpatanishi aweza kutufikisha mlangoni. Kuufungua ni kazi yetu. Balozi, mzee wa mila, mwenyekiti wa kijiji, hata padre, hawezi kusamehe kwa niaba yetu. Aidha, anayepatana hana budi kuwa tayari kuzomewa na walio upande wake. Na mapatano ni mmea wa kupaliliwa kila msimu, kama mpunga wetu. Tukiacha kupalilia, magugu hurudi. Wala kupeana mikono kwa wakubwa hakufuti peke yake machozi ya wajane na yatima. Haki yao nayo yadai nafasi mezani.

Nasi mapadre tukiri kosa letu. Mara nyingine tumefurahia kuitwa kuamua, tukasahau kumwuliza mlalamikaji swali la kwanza la Injili: je, umekwenda kwake? Katika Misa tunapeana amani na aliye karibu, huku yule tuliyegombana naye amekaa benchi la upande wa pili, nasi twajua kwa nini alikaa kule.

Basi, juma hili kila mmoja amkumbuke mtu mmoja, mkulima au mfugaji, shemeji au jirani, naye amwendee kabla ya kumtuma mtu. Asipopokelewa, milango ya Jumuiya Ndogondogo na ya Kanisa i wazi. Wagombanao ndio wapatanao.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee. Tunawatakia Dominika njema.